Kilometa Sitini na Moja

Karani, weka kwanza kalamu chini, vumbi litulie.
Jina la mji? Ubao wa stesheni ulikuwa nalo,
herufi tatu zikang'olewa, chuma kina bei,
na zilizobaki hazisomeki.
Andika Kilometa Sitini na Moja, kutoka Lubumbashi.
Ndivyo tunavyojitaja hata misibani.

Mtaa ni mmoja, umenyooka kama reli kwa sababu ni reli.
Huku nyumba za kampuni, mabati yamekuwa rangi ya chai,
kule vichuguu virefu kuliko kanisa,
na vijana wanaovikatakata wafyatue matofali.
Soko liko katikati ya reli mbili.
Mvua za kwanza zikinyesha utapata uyoga mpana kama sinia,
kisha masuku, kisha viwavi, kisha madeni.

Shefu wa stesheni ni Papa Kishimba.
Koti lake lina vifungo viwili vya kampuni
na vitatu vya gauni la marehemu mkewe.
Kila siku saa kumi na mbili asubuhi hufungua rejista,
huandika tarehe, halafu: Hakuna.
Ana mwandiko mzuri. Amejaza madaftari tisa.
Mshahara nao umejifunza kumjibu hivyo hivyo.

Yule muuza munkoyo, aliyekalia sanduku la bati,
ni Mama Odia. Usimwulize kabila.
Mwaka ule wa kufukuzana alilala hapa majuma sita,
yeye, masufuria, na watoto wa dada yake,
wakingoja behewa la kwenda Kasai.
Treni ilipofika, yeye alikuwa kisimani.
Akarudi na ndoo imejaa.
Maji yale aliyamwagia mche wa parachichi,
maana hakujua mtu hufanya nini
na maji ya watu waliokwisha kuondoka.
Parachichi hizo ndizo tunazokula na chumvi.
Waliomfukuza pia wanakula.
Kwao anaongeza franka mia.

Mimi? Nilizaliwa behewani, lile jekundu, kwenye reli iliyokufa.
Namba 4417.
Barua zangu zingefika kwa namba hiyo, zingekuwepo.

Siku hizi shaba hupita barabarani, malori usiku kucha,
na vumbi lake huwahi bukari kabla ya mboga.
Lakini mara moja moja, bila kumwarifu mtu,
treni hutokea upande wa Sakania.
Haisimami.
Vikombe hutetemeka. Papa Kishimba hutoka na taa isiyo na mafuta,
akaiinua.
Watoto wanahesabu kwa sauti.

Kesho yake kazi hazifanyiki:
hawa wameshika thelathini na nane, wale arobaini,
Makonga fundi cherehani anaapa kwa mama yake.
Mama Odia hahesabu. Husema tu
kulikuwa na behewa moja tupu, mlango wazi.

Watu wangapi?
Hilo, karani, hatujawahi kulibishania.
Andika unavyoona.