Andalio la Somo

Fomu inataka umahiri mkuu, umahiri mahususi,
muda, zana, tathmini.
Kisanduku cha zana kina upana wa kidole gumba.
Nimeandika: korosho ghafi, thelathini na mbili.
Jumatatu zilikuwa arobaini.
Nane zimeondoka mifukoni mwa kaptula,
zikachomwa jioni huko makwao:
somo la kutoa,
nalo sikulipanga.

Hakuna anayeziuma hapa darasani.
Mtoto wa miaka mitano wa Mahuta
anajua mafuta ya ganda yanavyochuna mdomo;
hilo hakufundishwa na mimi.

Chumba chetu kilikuwa stoo ya salfa.
Ukigonga ukuta, vumbi la njano bado linashuka
juu ya mikeka miwili, watoto arobaini na saba,
na juu ya irabu tano nilizozichora kwa mkaa
kwa kuwa chaki ziliishia kwenye E.

Chilumba alikaa muhula mzima
bila kunipa neno hata moja la Kiswahili.
Siku alipotaka maji, alisema *medi*.
Nikampa maji.
Kisha nikachora mtungi, nikaandika MAJI,
na chini yake, kwa herufi ndogo, *medi*,
kama mtu anayemwingiza mgeni
kwa mlango wa uani.
Mtaala haukuniagiza. Haukunikataza pia,
au kama ulinikataza, ukurasa huo
sijauona.

Mama yake alikuja mwezi wa nane,
kanga imefungwa kiunoni, mikono ina utomvu wa mabibo.
«Mwalimu, nimetoa hela ya uji.
Mtoto anarudi na mchanga masikioni.
Daftari jeupe! Wa jirani, shule ya kulipia,
ameshaandika mpaka mia.
Huyu wangu anacheza tu.»

Nikamwambia: anajifunza kwa kucheza.
Nilivyolisikia neno lenyewe likitoka,
lilikuwa jepesi, ganda bila kiini,
neno la semina, lenye posho na soda.
Hakunijibu. Alitazama fito yangu ya mwanzi,
kifuu huku, kifuu huku, kamba ya katani katikati,
watoto wakiweka korosho mojamoja,
wakibana pumzi.
Sheria ni moja tu kwenye mchezo ule:
usiseme kipi kizito
mpaka fito itulie.

Akaondoka bila kuaga vizuri.
Nilikesha nikichora mistari kwenye madaftari,
a a a a, kurasa nzima,
ili mama wa watu wapate cha kushika.
Naandika hili kwa sababu fomu haiulizi.

Msimu ukafunguka. Ghala la chama likajaa magunia.
Juzi nimekutana naye kwenye foleni ya mashine,
debe la mahindi kichwani, akaanza yeye,
bila salamu, kama anayeendeleza ugomvi:

«Huyu mtoto wako»
(wako, alisema)
«kaniaibisha kwenye mizani.
Karani kapandisha gunia, kashaandika,
kashaita mwingine. Huyu kamshika suruali.
Watu wote kimya. Karani anamtazama chini, hivi,
na yeye anaoneshea mshale.»

Nikauliza, wakapima upya?
Akasema, wakapima.
Zikaongezeka au zikapungua?
Akaliteremsha debe, akafuta jasho,
akasogea mbele, zamu yake ilikuwa imefika,
na kelele za mashine zikameza nusu ya jibu.

Leo afisa elimu kata anazitaka fomu kabla ya saa sita.
*Lengo limefikiwa? Ndiyo. Hapana. Futa isiyohusika.*
Sijafuta.
Kwenye nafasi ya maoni, mstari mmoja na nusu,
nimeandika alichomwambia karani,
Kiswahili chake cha kwanza mbele za watu,
kama mama yake alivyonisimulia:

«Subiri. Bado unacheza.»