Macho ya Mzabibu

Binti wa chuo amefika Mpunguzi na karatasi zake,
viatu vyeupe vimekwisha kuwa vyekundu.
Anauliza: kwa moja hadi tano,
unaridhika kiasi gani na maisha yako?

Maisha ya lini?
Anasema: kwa jumla tu, dada.
Namsogezea kata ya maji. Jumla ni ndefu.

Naitwa Sechelela Malogo, miaka thelathini na minane.
Neno usonji nililipata nikiwa na thelathini na mmoja;
kabla ya hapo walinipa majina mengine,
moja lilikuwa jina la hospitali.

Mama alikuwa akinishika kidevu:
nitazame machoni nikisema nawe!
Lakini machoni mwa mtu mna kelele,
Sabasaba nzima inauza kwa mpigo mmoja,
nikitazama humo silisikii neno.

Mzabibu nao una macho.
Hayo nayatazama kutwa.
Mwezi wa nne, mvua ikishaaga, napogoa:
tawi la kawaida naliachia macho mawili,
dhaifu moja,
lenye kiburi matatu, na sababu ninayo.
Jicho lililokufa nalijua kwa kidole gumba,
halina ule ubaridi.
Mizabibu mia sita arobaini na miwili, naijua yote.
Ule wa mia mbili na tisa
uliliwa na mchwa mwaka umeme ulipofika,
hadi leo hautaki mkasi wa asubuhi.

Bwana Ndahani, mwenye shamba, alidhani natania.
Siku hizi akija na wageni huwaambia:
huyu msimsemeshe, anasikiliza.

Zipo siku nyingine.
Harusi ya jirani, spika tangu Ijumaa,
nami nimejikunja ghalani na khanga kichwani,
natafuna kola ya shati hadi inachanika.
Yupo na Yoeli, aliyetaka kunioa.
Aliuliza, akangoja, akachoka, akaenda Manyoni.
Jibu langu lilifika siku ya tisa.
Lilikuwa ndiyo.

Hilo nalo nilitie kwenye tano yako?

Kalamu yake inangoja.
Mimi nafikiria ugali wa uwele wa jioni,
mlenda kwenye bakuli lake,
visigusane mpaka niamue.
Nafikiria kesho, mstari wa kumi na saba,
umande kwenye waya,
na hakuna atakayeniita hadi saa sita.

Andika nne, namwambia.
Ile ya tano niliiacha juu ya tawi.
Jicho halihesabiwi mpaka lichipue.

Anainua uso anitazame.
Mimi natazama mkono wake ulioshika kalamu:
kidole gumba kipana, hakitetemeki.
Kingefaa sana kwa mkasi.
Namwambia hivyo.
Anacheka, na kwa mara ya kwanza tangu afike
hajui aandike wapi.