Siku Isiyo na Oda

Nimefuma masweta ya shule miaka kumi na tisa,
ya kijani, ya maruni, ya buluu iliyokoza,
Tororo, nyuma ya duka la mbolea,
na uzi naununua kwa kilo
bila kuuliza mama yake ni nani.

Mwezi wa tano shule zikafungwa.
Nyafwono akafunika cherehani yake kwa leso
kama anayemfunika mgonjwa,
akasema: twende Jinja, tukatembee tu.
Tu. Kaneno hako kalinitia wasiwasi njia nzima.

Asubuhi tulitembea kama watu wenye pesa,
polepole, mikono nyuma,
tukisoma miaka iliyochongwa juu ya maduka ya kale,
1924, 1931, nguzo zinabambuka rangi.
Korongo wenye vipara walisimama juu ya paa la benki
mithili ya wadai.
Tulinunua roleksi moja kwa wawili,
tukajiona wabahili, tukanunua ya pili.

Mtoni, kijana wa mashua alituonyesha
mahali maji yanapochemka bila moto.
"Hapa ndipo Naili inapozaliwa.
Miezi mitatu, maji haya yatakuwa Misri."
Nyafwono akamkazia macho: "Nani aliyafuata?"
Kijana akacheka, akatupunguzia nauli.

Saa nane tulikuwa langoni pa kiwanda cha nyuzi.
Wazo lilikuwa langu, nakiri.
Bwana Balikowa, msimamizi, kalamu tatu mfukoni,
alitupa pamba ya kuziba masikio
(pamba, ndani ya nyumba ya pamba!)
akafungua mlango, na kelele ikatumeza.

Robota limetoka Lira, limekazwa kwa waya,
bado lina vipande vya majani makavu.
Mashine ya kwanza inalinyofoa, ya pili inalichana,
na kinachotoka si uzi bado:
ni utepe mweupe, mnene kama mkono wa mtoto,
usioweza kubeba hata uzito wake.
Niliugusa. Ukakatika.
Balikowa akapaza sauti, nikamsoma midomo:
"Haujasokotwa! Nguvu ni kule kusokotwa!"
Nikaitikia kwa kichwa. Sikutaka kuyafanya mahubiri.

Safu ya mwisho, pia mia nne zinazunguka,
na mwanamke mmoja, Naigaga, anapita katikati
huku na huko, zamu nzima, asifike popote.
Uzi ukikatika hata hautazami:
kidole, kidole, ameshaunga,
na pale palipoungwa hupaoni ukipatafuta kwa tochi.
"Jaribu," aliniambia kwa mkono.
Mara ya kwanza uzi ulinichanja.
Mara ya pili ulinikwepa.
Mara ya tatu niliuzungushia ukucha wangu mwenyewe,
na Naigaga akacheka hadi akainama.
Nilimdhania bibi, kwa nywele zile nyeupe.
Alipojipangusa vumbi la pamba
alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu.

Nje, kimya kilikuwa na mlio.
Balikowa alinizawadia koni iliyokosewa rangi,
si kijani, si buluu, si ya shule yoyote niijuayo.
"Haiuziki," akasema, kama anayeomba radhi.

Jioni, kwenye benchi karibu na maji,
Nyafwono alisinzia, viatu kavivua,
nami nikatoa sindano. Ndiyo, nilizibeba,
chini kabisa ya mkoba, kama mlevi na chupa yake.
Nikaanza mishono ishirini, bila kipimo cha kifua,
bila jina la mwalimu mkuu wala tarehe ya kufungua.
Nikafuma mstari, nikafumua, nikafuma.
Kisha koni ikaniponyoka, ikabingirika nyasini
ikielekea mtoni, uzi ukiifuata,
na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili,
nikaikimbiza nimeinama, nikicheka peke yangu.

Nilipoukunja tena ulikuwa na nyasi, mchanga,
na bawa la mdudu fulani.
Nyafwono akafumbua jicho moja: "Hiyo ni ya nani?"
"Sijui bado."
Sikuzitoa nyasi.