Kunoa

Paa alilochora mjomba Ventsislav lilitosha ndani ya kiberiti:
rangi ya maji, nyuma ya risiti ya duka la misumari,
Plovdiv, mwaka ule hakuwa na kazi.

Nikalilaza kifudifudi kwenye skana.
Mwanga ukapita chini yake polepole, kama muuguzi wa zamu ya usiku.

Nikalikuza. Mara nne. Mara nane.
Ukingo ukageuka ngazi za vijisanduku,
bomba la moshi likayeyuka kama sukari.

Basi nikanoa.
Nikanoa tena.
Unywele wa brashi ukawa waya,
vumbi likawa changarawe,
na kila kigae kikavaa uzi mweupe
ambao mjomba, mtu wa mvua yule, hakuuchora.

Kisu kikinolewa mno, hubaki mpini.

Nikarudi nyuma hatua mbili.
Hapo, katika ukungu, tarakimu za risiti zikajitokeza kutoka upande wa pili:
misumari nusu kilo, na deni.
Nikaziacha.

Sasa paa limeenea kioo kizima.
Mafaili ya kodi nimeyapanga angani, kulia;
kapu la taka limetua lenyewe kando ya bomba,
kama njiwa anayepajua.