Migongo

Baiskeli yangu ni mtumba kutoka Japani.
Ina kibandiko kwenye madigadi, herufi nisizozijua.
Fundi Chambuso wa Segerea alitaka kukibandua.
Nikamwambia, acha, huenda ni jina la mtoto.
Tangu siku hiyo namtaja katika sala zangu
bila kumtaja.

Miaka arobaini na minne, na magoti ya kukaa dirishani
kupokea malipo ya maji,
nikajiandikisha: Dar mpaka Morogoro,
kilomita mia na tisini, Jumamosi moja.
Mume wangu akauliza, "Kwa basi?"

Siku ya kwanza ya mazoezi, kilima cha Kimara kilinitoa ulimi.
Niliita Bwana, Bwana, kama mtu anayegonga geti usiku.
Kapteni Mwinyikondo akaja ubavuni,
hana hata jasho, akasema kwa upole:
"Dada Ndeshi, shusha gia kwanza,
halafu endelea na maombi."

Nikashusha. Mnyororo ukalia kra, ukakubali.
Sijui kama hilo ndilo lilikuwa jibu.
Nililipokea.

Kisha suala la Jumapili. Wenzangu huondoka saa kumi na moja alfajiri,
na ibada ya kwanza ni saa kumi na mbili na nusu.
Wiki mbili nilikosa kanisa, nikasema Mungu yupo barabarani pia.
Yupo, kweli. Ila mimi nilikuwa nahesabu kilomita.
Wiki ya tatu nikamwendea Kapteni. Alikuwa anakunja mkeka wake
kando ya kituo cha mafuta, baada ya swala,
nasi sote tumemsubiri, kama kila wiki.
Akapangusa vumbi gotini.
"Basi wewe chukua Jumamosi. Nkwabi atakusindikiza.
Naye anatubu kitambi."

Ndivyo nilivyoujua mgongo wa Nkwabi.
Maana mwanagenzi huwekwa nyuma,
mkono mmoja kutoka tairi la mwenzie,
akatiwe upepo.
Mbezi, Kibamba, Kiluvya: sikuona mji wowote.
Niliona mshono uliofumuka begani,
chumvi ya jasho ikichora ramani na kukauka,
kidole kikionyesha chini: shimo. Mchanga. Mbwa aliyekufa.
Kila alichoniepusha nilikiona kikipita.
Hatukusemezana maneno ishirini,
lakini ningemtambua mbinguni
akiwa amenipa kisogo.

Kanisani nako hukaa benchi la mwisho, karibu na feni bovu.
Miaka kumi na saba nasali nikitazama migongo.
Shingo ya Mzee Elinihaki, yenye kovu la kinyozi.
Zipu ya Mama Tumsifu, isiyofika juu.
Kichwa cha binti yake, kilichoinama
mwaka mzima baada ya mazishi, kisha siku moja kikainuka
katikati ya matangazo.
Sikuwahi kukuita huko kukatiwa upepo.

Leo Ijumaa usiku.
Tairi zimejaa, mnyororo nimeupaka mafuta na kuufuta.
Tyubu mbili, viraka, ndizi,
chumvi kidogo kwenye kipande cha gazeti.
Sikuomba nisipate pancha.
Nimeomba ikija, nisitafute wa kumlaumu.
Na madereva wa malori, popote walipoegesha,
walale vizuri usiku huu.

Saa tatu ujumbe wa Kapteni ukaingia:
kuanzia Mlandizi kila mtu ataongoza,
dakika mbilimbili. Kila mtu.
Ndeshi, na wewe.

Nimeusoma mara tatu.
Kisha nimeitoa fulana yangu kwenye begi
nikaitandaza mezani, upande wa nyuma,
chini ya taa ya jikoni.
Ina doa la grisi. Uzi unaning'inia pindoni.

Mume wangu ameamka, amenikuta natunga sindano.
"Si ulisema unalala saa mbili?"
Nalala, nimemwambia.
Kuna mtu kesho atakuwa nyuma yangu.