Baraza la Duane

Waliosema kubomoa ni rahisi kuliko kujenga
hawakuwahi kushika mtaimbo
Jumamosi asubuhi, Cedar Rapids, Iowa,
mikono ndani ya glavu za mtu aliyeondoka.

Kontena la taka nimelikodi siku tatu.
Limekaa mbele ya gereji, mdomo wazi, halina aibu.
Likizidi ratili elfu nne, alisema kijana kwenye simu,
kila ratili ya ziada ina bei yake.
Nikamwambia: mwanangu, ni baraza tu la mbao,
na aliyelijenga hakuwahi kumaliza jambo.

Ubao wa kwanza ulitoka kwa dakika arobaini.

Skrubu! Nani huweka skrubu tisa
mahali ambapo mbili zingetosha?
Vichwa vimelika, bisibisi inazunguka bure
kama ulimi wake siku ile jikoni
akinieleza habari za yule wa Des Moines.
Nikaitupa bisibisi, nikashika nyundo ya ratili nane,
na Mungu anisamehe maneno niliyoyatamka
mbele ya mbwa wa Hlavacek.

Saa nne akaja Hlavacek mwenyewe,
miaka themanini na goti la bandia,
msumeno wa umeme kwapani kama gazeti.
"Verla, usigombane na skrubu. Kata mbao."
Akaketi juu ya ndoo, akawa ananielekeza kwa kidevu:
hapo, siyo hapo, hapo.
Vumbi la mbao likaninata shingoni.
Mbao zilioza juu tu. Ndani zilikuwa bado nyekundu,
bado zinanukia.

Chini ya baraza nilikuta
mipira saba ya tenisi,
kiatu kimoja cha mwanasesere,
kijiko nilichomsingizia mama mkwe,
kiota cha nyigu, kitupu, chepesi kama ganda la yai,
na chenji iliyopenya nyufani miaka ishirini na miwili:
dola moja na senti kumi na sita.
Niliihesabu mara mbili.

Kisha nguzo.

Huku kwetu baridi hushuka ardhini futi nne,
na kisichozama chini yake hukisukuma juu,
kila msimu inchi moja, hadi mlango ukatae kufungwa.
Nikachimba. Futi moja, zege.
Mbili, zege.
Ya tatu koleo likapinda, na mimi
nikaketi ukingoni mwa shimo, jasho likinichoma macho,
nikamwona: Julai ile, mimi na mimba ya Joleen,
yeye shimoni mpaka kifuani,
anapima kwa futikamba, anatoka, anakunywa maji,
anarudi kupima.
"Hili," alisema, "halitasogea."

Halikusogea.
Nilikuwa nimejiandaa kwa kazi ya mtu mzembe.
Hasira yangu yote niliikata kwa kipimo hicho,
ikawa fupi.

Nguzo tano tuling'oa kwa jeki ya lori na mnyororo,
shauri la Hlavacek, mgongo wangu.
Ya sita ilitushinda.
Niliikata usawa wa nyasi, nikaifukia,
yeyote atakayenunua nyumba hii atajua mwenyewe.

Jumatatu wakabeba kontena.
Ratili mia sita na tisini za ziada.
Nililipa. Risiti niliiweka ndani ya bahasha,
nikaandika anwani ya Des Moines, nikaitazama,
nikaitia droo ya vijiko.

Sasa nyuma ya nyumba pana mstatili wa udongo mweupe
usioonja mvua tangu Joleen hajazaliwa.
Mjukuu wangu hupenda kukimbia pekupeku,
basi nimefunga sumaku kwenye kamba,
naiburuta polepole, mstari kwa mstari,
kama mtu anayemtembeza mbwa asiye na haraka.
Tik, inasema. Msumari.
Tik.
Leo ni mara ya nne kupita papo hapo.
Tik.