Hesabu ya Walioshika

Rushere, saa nane usiku. Tangi la maziwa linanguruma,
kompyuta inayolichunga imezima uso.
Katushabe ananieleza kwa simu, bila kujitetea:
"Nilichomoa waya wa kipimajoto nipige deki.
Nikaurudisha. Basi, ikazimia."

Sikumlaumu. Waya ni wa kuchomolewa.
Kosa ni langu, nililiandika Machi
malaria ikinitoka.

Nikafungua msimbo. Kila kifaa humo ndani
kina daftari la tarakimu moja tu:
ni wangapi wamenishika?
Ajaye kusoma joto huongeza moja,
amalizaye hupunguza moja.
Ikifika sifuri, na hapo tu, nyumba huvunjwa,
kumbukumbu yake ikarudi kwa kiini, agawiwe mwingine.

Mimi, kwenye njia ya dharura, mstari wa mia mbili na kumi na nne,
deni la mara moja nimelilipa mara mbili.
Sifuri ikawahi. Msomaji bado yumo ndani,
mkono kwenye kitasa,
ukuta ukaondolewa.
Akasoma joto mahali palipokuwa na tangi,
akapata namba ya mtu mwingine, kisha giza.

Na kusahau kupunguza? Hayo nayo ni maradhi, ya polepole:
vyumba vitupu vimefungwa, funguo mifukoni mwa wasiokuwepo,
hadi mashine ikose pa kutandika hata mkeka.

Kuchomolewa si kufa. Hilo ndilo sikulijua.

Baba alimuuza Bihogo sisi tukiwa darasani,
akalipa karo yangu ya muhula wa pili.
Lori likaenda Mbarara.
Lakini mama aliendelea kukifukiza kibuyu chake kwa nyasi,
Nuwagaba alimwita kwa jina zizini,
nami nilikuwa na kovu la pembe gotini.
Watatu. Baba alihesabu ng'ombe, hakutuhesabu sisi.

Nimefuta mstari mmoja tu.
Saa kumi na moja nikamwambia Katushabe: "Chomoa."
Akachomoa. Msomaji akaarifiwa kwamba kifaa kimeondoka,
akamaliza neno lake, akaachia.
Moja. Sifuri.
Akarudisha waya: nyuzi nne, maziwa salama.

Mama tulimzika mwaka juzi. Nuwagaba analinda ghala huko Doha,
akipiga simu haulizi habari za ng'ombe.

Nagusa goti.
Moja.